Ziwa likigeuka kijani: maji ya bomba, ya mvua, ya kisima au ya ziwani?

Kila mwaka kuna majuma ambapo maji ya Ziwa Victoria, hasa kwenye ghuba na vihori, huvaa utando wa kijani. Mjadala wa nyumbani huanza hapo hapo. Mama anasema chemsha, kijana anasema tia dawa ya maji, jirani anasema mwaka huu lazima tuchimbe kisima. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anatibu ugonjwa wake. Kuchemsha ni tiba ya vijidudu vya kuhara. Kisima ni tiba ya utando. Dawa ya maji ni tiba ya vyote viwili kwa masharti ambayo wengi hatuyatimizi. Ukitumia tiba ya hiki kwa ugonjwa wa kile, utakunywa sumu huku umeridhika kwamba umejikinga.

Niseme mapema ninakoelekea. Kwa aliye mjini na anapata maji yaliyosafishwa kituoni, bomba ndilo la kwanza. Kwa aliye kijijini au mwaloni, maji ya kunywa na kupikia yawe ya mvua ya bati lake. Kisima kirefu ni kizuri kikishapimwa, si kabla. Ndoo ya ziwani iwe ya mwisho, na katika majuma ya kijani isitegemee moto peke yake.

Kijani hiki si cha mwaka huu

Anayedhani ni tatizo la msimu atanunua suluhisho la msimu. Matope ya sakafu ya ziwa, ambayo wataalamu huyachimbua kwa mirija na kuyasoma tabaka kwa tabaka, yanaonyesha kwamba rutuba ilianza kuzidi tangu miaka ya 1930, sambamba na watu kuongezeka na mashamba kupanuka. Vipimo vya mwaka 1960 na 1961 vilipolinganishwa na vya mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, uzalishaji wa mwani ulikuwa umefika kama mara mbili, maji yamepoteza uangavu, na maji ya kilindini yakikaa miezi bila oksijeni. Magugumaji yaliyoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufunga mialo miaka ya 1990 yalinenepa kwa rutuba hiyo hiyo.

Kinachonenepesha zaidi ni fosforasi. Sehemu yake huja na udongo wa mashamba kupitia mito kama Kagera, Simiyu na Nyando. Sehemu ni maji machafu ya miji: Mto Mirongo unakatiza katikati ya Mwanza ukibeba kila kilichotupwa, na mfereji wa Nakivubo unafanya kazi hiyo hiyo Kampala. Lakini kuna njia ya tatu ambayo watu hawaifikirii, nayo ni hewa. Majivu ya mashamba na mapori yanayochomwa, moshi wa kuni na vumbi la ardhi iliyoachwa wazi hutua juu ya maji, na kuna makadirio ya kitaalamu yanayosema zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani inashuka kutoka angani. Ziwa lenyewe lina takriban kilomita za mraba 68,800, kwa hiyo linakinga kila kinachopita juu yake.

Naitrojeni nayo imo, ila baadhi ya bakteria wanaounda utando huo wana uwezo wa kuichukua wenyewe kutoka hewani, kwa hiyo kuipunguza peke yake hakuwanyimi chakula. Tena fosforasi iliyokwisha kuzama haijaondoka. Maji ya chini yakikosa oksijeni, matope huiachia tena, na upepo wa kusi wa katikati ya mwaka ukichanganya ziwa, inarudi juu. Hata mito yote ikisafishwa kesho asubuhi, ziwa litaendelea kujilisha kwa akiba yake kwa miaka mingi. Unapochagua chanzo cha maji leo, basi, chagua cha miaka ishirini.

Ubaya wa kijani wenyewe

Utando huo mara nyingi ni bakteria wanaofanana na mwani, na baadhi yao, hasa jamii ya Microcystis, hutengeneza sumu iitwayo maikrosistini inayoshambulia ini. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa anayekunywa maisha yake yote, na mikrogramu 12 kwa kipindi kifupi. Katika Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu, watafiti wamepata maji yanayovuka kikomo hicho cha kwanza kwa sehemu ya mwaka. Ghuba hiyo ina kina cha wastani cha mita kama sita hivi, ilhali wastani wa ziwa zima ni mita 40, ndiyo maana watu wa Kisumu wanakiona kijani kwa miezi wakati aliye kwenye visiwa vya ndani anakisikia tu.

Kuna jaribio la bure la kutofautisha. Chota maji kwenye chupa angavu, ifunge, iache usiku kucha pasipo kutikiswa. Kijani kikipanda juu na kuganda shingoni, shuku bakteria hao, kwa sababu wana vifuko vya hewa vinavyowaelesha. Kikizama chini, huenda ni mwani mwingine au tope. Au chovya kijiti: kikitoka kimepakwa kama rangi ya ukutani, ni wao; kikitoka na nyuzi nyuzi, ni mwani wa kawaida. Chupa haikwambii kiasi cha sumu. Inakwambia tu usichote hapo.

Na kuna mtego. Utando ukifa, seli hupasuka na sumu huyeyuka majini. Maji yanaweza kuonekana yametakata siku kadhaa baada ya kijani kupotea na bado yakawa na sumu. Kwa hiyo usiwe na haraka ya kurudi mwaloni.

Vyanzo vikiwekwa bega kwa bega

| Chanzo | Sumu ya kijani | Vijidudu vya kuhara | Kasoro ya kuangalia |
|---|---|---|---|
| Ziwani, ufukweni | Ndiyo, msimu wa utando | Vingi | Upepo hukusanya utando pale pale watu wanapochota |
| Bomba la maji yaliyosafishwa | Kidogo, kituo kikifanya kazi vizuri | Vichache | Mgao, na mabomba yaliyopasuka njiani |
| Mvua ya bati | Hapana, tanki likiwa na giza | Vya ndege na wadudu | Ukubwa wa tanki |
| Kisima kirefu | Hapana | Vichache | Floraidi, chumvi |
| Kisima kifupi | Kwa kawaida hapana | Vingi | Vyoo vya jirani, naitreti |
| Dumu la mkokoteni | Inategemea | Inategemea | Hujui limechotwa wapi |

Hilo la mkokoteni nalipita haraka. Swali ni moja: "Umechota wapi?" Mchotaji akisitasita, mpe hayo ya kufulia.

Mvua ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na dharau hiyo inatokana na kutopiga hesabu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati inatoa lita moja. Chukua nyumba ya mita sita kwa nane, yaani mita za mraba 48. Mwanza hupata kama milimita 1,000 kwa mwaka. Hizo ni lita 48,000. Toa moja ya tano inayorukia pembeni na kukauka, zinabaki kama 38,000. Familia ya watu sita wanaotumia lita tano kila mmoja kwa kunywa na kupika inahitaji lita 30 kwa siku, chini kidogo ya lita 11,000 kwa mwaka. Bati linatoa zaidi ya mara tatu ya mahitaji! Kinachokwamisha ni pa kuyaweka. Kiangazi kikavu cha kuanzia Juni mpaka Septemba ni siku kama 120, sawa na lita 3,600. Tanki la lita 5,000 linavusha kiangazi na kubakiza ya wageni. Anayesema mvua haitoshi kwa kawaida amejaribu kwa pipa la lita 200, kisha akafulia humo.

Masharti yake si mengi. Maji ya kwanza baada ya ukame yamwagwe, kwa sababu bati limekusanya vumbi na majivu yale yale yanayolisha ziwa, pamoja na mavi ya korongo na kunguru ambao Mwanza hatuna upungufu nao. Mfereji wa bati uwe na wavu. Tanki lisipitishe mwanga, la sivyo utafuga mwani wako mwenyewe nyumbani. Na hapa ndipo kuchemsha kunapofaa kwa asilimia zote, maana adui aliyebaki ni kijidudu, naye hufa kwa moto.

Kisima kirefu kina sifa nzuri na hakika kinaikwepa sumu ya kijani. Tatizo ni mwamba. Sehemu za Shinyanga, Mara na hata Mwanza maji ya ardhini yana floraidi nyingi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kikivukwa kwa miaka, meno ya watoto huota na madoa ya kahawia. Ikizidi sana, mifupa huathirika. Floraidi haichemki ikatoka. Ukichemsha, maji hupungua nayo hubaki, kwa hiyo huongezeka kwa kila lita. Mwenye mtambo wa kuchimba akikwambia "maji ya hapa ni matamu", amepima kwa ulimi. Dai kipimo cha maabara kabla ya kumalizia malipo, na kiandikwe kwenye mkataba. Kisima kifupi nacho, katika mitaa ya vilima vya mawe ambako vyoo vimebanana, hubeba naitreti kutoka chooni na zizini. Kikomo ni miligramu 50 kwa lita, na wanaoumia kwanza ni watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo. Naitreti nayo haitoki kwa moto.

Kuna kisima kimoja cha katikati ambacho nakiheshimu kuliko majirani zangu wanavyokiheshimu: kishimo kinachochimbwa mchangani mita kadhaa kutoka ukingoni, maji ya ziwa yakajichuja kwa mchanga kabla ya kufika. Wavuvi hukichimba bila kufundishwa na mtu. Utando wote hubaki nje, na vijidudu vya mchangani hula sehemu ya sumu. Hakifai kama mwalo hauna choo cha maana, yaani, kusema kweli, mialo mingi.

Bomba limeachwa mwisho kwa kuwa maelezo yake ni mafupi. Kituo kinachogandisha uchafu kwa shabu, kikachuja kwa mchanga na kutia klorini mwishoni kinaondoa seli zikiwa nzima, na hiyo ndiyo njia sahihi. Wanaokunywa ziwa hili kwa bomba si wa ufukweni tu: chanzo cha Ihelele, wilayani Misungwi, kinapeleka maji mpaka Shinyanga na Kahama. Mtu wa Kahama asiyewahi kuliona ziwa ana sababu ile ile ya kulijali kama mtu wa Igogo, mtaa wa Mwanza ulio ufukweni.

Ikibidi kuchota ziwani

Wapo ambao hawana bati, hawana bomba, na kisima kiko mbali. Kwao uchaguzi ni wa namna ya kusafisha, na hapa mpangilio una uzito kuliko dawa yenyewe.

Kuchemsha, kwanza. Maikrosistini inastahimili joto la maji yanayochemka. Zaidi ya hapo, moto hupasua seli na kumwaga sumu iliyokuwa imefungiwa ndani, kisha mvuke ukiondoka sumu inabaki kwenye maji machache zaidi. Agosti 2014 wakazi wa Toledo, Marekani, kama nusu milioni wanaokunywa Ziwa Erie, waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa siku kama tatu, na tangazo lilisisitiza: msichemshe. Kwa mtu aliyelelewa kwenye kampeni za kipindupindu hilo linaonekana kama mzaha.

Dawa ya maji ina nguvu ambayo moto hauna: klorini ya kutosha huivunja maikrosistini. Kutosha maana yake baada ya nusu saa bado ibaki miligramu 0.5 kwa lita, na pH ya maji, yaani kipimo cha uchachu wake, isipite 8. Sasa angalia maji ya kijani saa nane mchana: mwani umefyonza hewa ya ukaa yote, pH imepanda kupita hapo, na taka za mimea zinaimeza klorini kabla haijafanya kazi. Kifuniko kimoja kilichoandikwa kwenye chupa kwa ndoo moja kimekusudiwa maji meupe. Ukikimimina kwenye ndoo ya kijani, kinapasua seli na kuishia hapo. Pua yako ni kipimo cha kuanzia: nusu saa ikipita na hausikii hata kidogo harufu ya dawa, imekwisha kuliwa.

Ndiyo sababu seli ziondolewe kwanza, zikiwa hai na nzima. Chota mbali na ukingo kwa mtumbwi, upande ambao upepo unatokea, si unakokwenda. Usipige utando kwa kitako cha ndoo kisha ukazamisha. Hapo umeuchanganya tu. Pitisha kwenye kitambaa kizito kilichokunjwa. Tia shabu, koroga kwa kasi kidogo, kisha polepole, uache mabonge yatue. Mimina maji ya juu taratibu, na tope la chini ulimwage siku hiyo hiyo mbali na ziwa, kwa kuwa seli zilizomo zikikaa zitapasuka na kurudisha sumu. Sasa ndipo dawa ya maji itiwe.

Mbegu za mlonge zilizotwangwa hufanya kazi inayofanana na ya shabu, ila zinaacha mabaki ya mmea na maji hayo yasilale zaidi ya siku moja. Chujio la udongo wa kuchoma hushika seli na vijidudu vizuri, lakini sumu iliyoyeyuka hupita, na wakati wa utando huziba mpaka mtu anakata tamaa akalitoboa. Kilicho bora kwa sumu iliyoyeyuka ni mkaa maalumu uliotengenezwa kwa kuchuja maji. Mkaa wa jikoni haufanyi kazi hiyo hata ukiusaga, na kuna wauzaji wanaosema unafanya. Chujio la mchanga la polepole linaweza kupunguza hata sumu, kwa ule utando hai unaojijenga juu ya mchanga baada ya majuma kadhaa, kwa sharti kwamba maji yapite bila kukatika. Shuleni linafaa. Nyumbani, ambako mtu husafiri na kurudi, sioni kama linadumu.

Chombo chochote utakachochagua, maziwa ya kopo ya mtoto mchanga yasikorogwe kwa maji ya ziwa la kijani. Na anayesafishwa damu kwa mashine ya figo lazima kituo chake kijue chanzo cha maji: mwaka 1996, Caruaru, Brazil, wagonjwa zaidi ya 50 walifariki baada ya maji yenye sumu hii kupita kwenye mashine hizo. Samaki mtoe matumbo na ini uyatupe. Dagaa, ambaye huliwa mzima, afadhali awe wa kilindini kuliko wa ghuba yenye utando.

Kwa kamati za maji na wanaopanga miradi

Hapa chaguo ni tatu: kusogeza bomba la kuvutia maji, kuboresha kituo, au kuhama kabisa. Kampala inatupa mfano. Kituo cha Ggaba kinavuta kwenye Ghuba ya ndani ya Murchison, ile ile inayopokea Nakivubo, na maji yalivyozidi kuharibika gharama za dawa na kusafisha zikapanda nayo. Hatimaye kikajengwa kingine Katosi, wilayani Mukono, nje ya ghuba hiyo, chenye uwezo wa lita milioni 160 kwa siku. Kuhama kumesaidia, ila bomba refu na pampu kubwa zina bili yake, na Ggaba bado inahitajika.

Kusogeza bomba ni nafuu na kunafaa penye kina. Mdomo wake ukiwa katikati ya kina, utando unaoelea hauufikii. Ukishushwa mno karibu na sakafu, unavuta maji yasiyo na oksijeni yenye chuma, manganisi na harufu ya yai viza. Kwenye Winam yenye mita sita hakuna kilindi cha kukimbilia, na Toledo pia, yenye mdomo wa bomba kilomita kadhaa kutoka ufukweni, haikupona, kwa sababu upande wa magharibi wa Erie nao una kina kifupi cha aina hiyo. Penye maji mafupi, fedha iende kwenye kituo: shabu ya kutosha, mchanga, na akiba ya mkaa wa unga kwa majuma mabaya. Na msimamizi aambiwe asitie klorini kwenye mdomo wa bomba msimu wa utando, hata kama ndivyo alivyozoea kuzuia konokono.

Kuzuia rutuba huko itokako ndiko kunakolipa mwishoni, lakini kamati isikiuze kama suluhisho la mwaka wa bajeti. Erie ilipona baada ya mkataba wa Marekani na Kanada wa 1972 uliobana maji machafu ya miji na viwanda, kisha kijani kikarudi tangu miaka ya 1990, safari hii kwa fosforasi ya mashambani. Maji machafu yana bomba unaloweza kuliziba. Shamba lina maelfu ya wakulima. Kwa upande wetu ningeanza na Mirongo na ndugu zake, kisha moto wa mashambani, kisha vizimba vya samaki, ambavyo vinaongezeka kila msimu na chakula chake kina fosforasi: visiwekwe ndani ya ghuba zinazotoa maji ya kunywa, hata mwekezaji akiwa na kibali cha rangi gani.

Kamati yenye pampu ndogo ufukweni inunue sahani nyeupe na kamba yenye mafundo ya nusu mita. Kila Jumatatu mchana mtu aishushe pale bomba linapovuta, aandike inapotea machoni kwenye kina gani, ili kupima uangavu wa maji, na aandike pia kama chupa ya usiku ilipanda kijani. Daftari hilo la miaka miwili litawasaidia kuamua mdomo wa bomba usogezwe au la kuliko ripoti nyingi za ukurasa mia, na litakuwa na kitu cha kumwonyesha mhandisi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini Tanzania, atakapofika.